Kila Karatasi Ina Swali Lake

Biashara ya almasi iliishi muda mrefu bila cheti cha ubora kinachoaminika kote. Muuzaji mmoja aliliita jiwe zuri "A", mwenzake akalipandisha kuwa "AA", na mnunuzi akabaki kuamini mdomo. Taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilipotengeneza mizani yake ya rangi iliziruka herufi hizo zilizochakaa, ikaanzia D hadi Z. Ripoti yake ya kwanza ya ubora ilitoka mwaka 1955. Jiwe likaanza kusafiri na karatasi, na matapeli nao wakahamia kwenye karatasi.

Nchini mwetu, ukitaja almasi umetaja Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua mgodi mwaka 1940. Almasi za kule zililetwa juu na mwamba wa kimbalaiti uliopenya ardhi kongwe sana. Milima ya Uluguru ni miamba ya namna nyingine, iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo. Ndiyo maana Matombo ikajulikana kwa rubi, si kwa almasi.

Historia hii niliisomea darasani, lakini kazi yake niliiona Kingolwira. Mjomba wangu ndiye msimamizi wa shamba la ukoo. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na neno la mjomba ni zito. Kijana mmoja alimletea "almasi ya mlimani", na bei yake ilikuwa sawa na kipande cha shamba hilo.

"Shikamoo, mjomba. Jiwe lenyewe limechongwa?"

"Marahaba, mwanangu. Bado ghafi. Lakini lina vyeti viwili!"

Cheti cha kwanza kilitaja rangi D na usafi wa hali ya juu. Hapo palitosha kusimama, kwa sababu ripoti ya namna hiyo hutolewa kwa almasi iliyokwisha kuchongwa na kung'arishwa.

Cha pili kiliitwa cha Kimberley. Mpango wa Kimberley ulianza kazi mwaka 2003, baada ya almasi kugharimia vita Sierra Leone na Angola. Cheti chake hutolewa na serikali kwa shehena ya almasi ghafi inayovuka mpaka ikiwa imefungwa kwa lakiri. Hujibu swali moja: je, almasi hizi zimetoka katika njia halali, isiyolisha waasi? Hakisemi lolote kuhusu uzuri, na hakitembei mfukoni na jiwe moja.

Hata ripoti halisi inaweza kupachikwa kwa jiwe lisilo lake. GIA yenyewe imewahi kupokea almasi za maabara zilizochorwa kwa leza, ukingoni, namba ya ripoti ya almasi asilia. Kwa hiyo kuikuta namba kwenye tovuti ya maabara ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulipima jiwe: uzito, vipimo na alama za ndani, vyote vilingane na ripoti.

Serikali nayo ilirudia kupima. Mwaka 2017, shehena ya almasi za Mwadui ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nyaraka zilionyesha thamani ya dola milioni 14.8, serikali ikasema ni milioni 29.5. Kampuni ya Petra, mmiliki mkuu wa mgodi wakati huo, ilikana kupunguza thamani. Yeyote unayemwamini, ubishi ule haukuweza kuamuliwa kwa kuisoma karatasi ileile tena.

Tangu mwaka 2019 tuna masoko ya madini yenye wathamini wa serikali. Mjomba alimwomba kijana waende pamoja sokoni, Morogoro mjini, jiwe likapimwe mbele ya wote wawili. Kijana alisema atarudi Jumatatu. Jumatatu zimepita nyingi, na shamba tumelipanda mahindi.