Mnyororo wa Udongo Uliozaliwa Amani

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo, awe Morogoro au Ulaya, hufundishwa dhana ya katena: kwamba aina za udongo hufuatana kwa mpangilio ule ule, kutoka kilimani hadi bondeni. Ni wachache wanaoambiwa kuwa dhana hiyo ilizaliwa kwetu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, aliitangaza mwaka 1935, akiazima neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo.

Wakulima wa Usukuma, hata hivyo, hawakuhitaji Kilatini. Udongo wa kichanga wa mteremkoni huuita luseni, nao huufahamu kwa mihogo na karanga. Ule mweusi mzito wa bondeni, unaopasuka kiangazi na kunasa miguu masika, ni mbuga. Neno hili la pili liliingia katika ripoti za wanasayansi wa kikoloni bila kutafsiriwa. Wenye neno hawakuingia.

Tasnifu nyingi za ikolojia ya kilimo ninazozisoma leo zingali zikimweka mkulima kwenye jedwali la wahojiwa: umri, jinsia, ekari. Jina analoliita shamba lake haliulizwi.