Barabara ya Utah 12

Barabara ya Utah 12 ni barabara ya jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani. Ina urefu wa takriban kilomita 200, kuanzia karibu na mji wa Panguitch hadi mji mdogo wa Torrey. Inapita katika nchi ya makorongo ya Uwanda wa Juu wa Colorado. Inajulikana kwa mandhari yake na inapendwa sana na waendesha pikipiki. Mwaka 2002 ilipewa hadhi ya juu kabisa ambayo serikali ya shirikisho huipa barabara yenye mandhari ya pekee.

Njia

Kutoka Panguitch barabara inaelekea mashariki na kuingia Red Canyon, ambako inapita chini ya matao mawili yaliyotobolewa katika mwamba mwekundu. Baadaye inapita karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Bryce Canyon, iliyoanzishwa mwaka 1928. Licha ya jina lake, Bryce si korongo hasa. Ni ukingo wa uwanda wa juu ambao mvua na barafu vimeula hadi ikabaki minara ya mawe.

Barabara inashuka katika vijiji vya Tropic, Cannonville na Henrieville, kisha inafika Escalante, mji wenye wakazi chini ya 1,000. Sehemu inayofuata, kati ya Escalante na Boulder, ndiyo mashuhuri zaidi. Lami inateremka juu ya mwamba mtupu hadi mto Escalante, inafuata kijito cha Calf Creek, halafu inapanda mgongo mwembamba uitwao Hogsback, wenye makorongo pande zote mbili. Baada ya Boulder inapanda mlima Boulder hadi kimo cha mita 2,900 hivi, katikati ya misitu, na kushuka Torrey, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Capitol Reef.

Jiolojia

Miamba myeupe na ya rangi ya dhahabu iliyoko kati ya Escalante na Boulder ilikuwa vilima vya mchanga wa jangwa kubwa la zama za Jura, zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita. Mchanga huo uligandamana ukawa jiwe. Uwanda ulipoinuka, mito iliukata na kuacha makorongo. Rangi nyekundu ya miamba mingi ya eneo hilo hutokana na oksidi za chuma.

Historia

Watu waliishi katika eneo hilo karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Huko Boulder yapo mabaki ya kijiji cha Wapueblo wa kale cha karne ya 12 hivi, ambayo leo yamehifadhiwa pamoja na makumbusho. Mto Escalante ulitambuliwa na wapima ramani wa serikali mwaka 1872 tu, wakiongozwa na Almon Harris Thompson. Walowezi Wamormoni walianzisha mji wa Escalante miaka michache baadaye.

Makorongo yaliifanya Boulder kuwa kama kisiwa. Hadi miaka ya 1930 barua na mizigo vilifika huko kwa migongo ya nyumbu, yaani wanyama wa kazi wanaozaliwa na punda dume na farasi jike. Mwaka 1933, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt ilianza kuajiri vijana wasio na kazi katika vikosi vya kazi za umma. Vijana hao walijenga barabara ya milimani ya Hell's Backbone pamoja na daraja lake juu ya korongo, lakini njia hiyo ilifungwa na theluji wakati wa baridi. Njia ya chini kupitia Calf Creek ilikamilika mwaka 1940, na Boulder ikapata barabara ya kupitika mwaka mzima. Lami kati ya Boulder na Torrey ilikamilika mwaka 1985.

Safari za pikipiki

Barabara yote ina lami, hivyo hupitika kwa pikipiki ya kawaida. Ugumu wake uko katika kona kali, miteremko na mabadiliko ya kimo. Wakati Escalante kuna joto, juu ya mlima Boulder kunaweza kuwa na baridi kali, na theluji huanguka huko hata katika majira ya kuchipua. Kwenye Hogsback sehemu kubwa haina vizuizi vya pembeni, na upepo wa ubavuni huyumbisha pikipiki. Mahali pengi ng'ombe huchungwa bila uzio, na paa hutoka barabarani machweo na usiku.

Mafuta hupatikana katika miji iliyo njiani, lakini mtandao wa simu haupatikani sehemu nyingi. Kwa hiyo anayeanguka peke yake anaweza kusubiri msaada kwa muda mrefu. Hatari ni kubwa zaidi katika njia za vumbi zinazochepuka, kama Hole-in-the-Rock, yenye urefu wa kilomita 90 hivi bila kituo cha mafuta. Mvua ikinyesha, udongo wake hugeuka utelezi, na kuanzia Julai hadi Septemba mafuriko ya ghafla hujaza makorongo hata kama mvua imenyesha mbali.

Mvutano kuhusu ardhi

Sehemu kubwa ya ardhi kandokando ya barabara ni mali ya serikali kuu. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton aliitangaza kuwa eneo la hifadhi la Grand Staircase-Escalante. Wakazi wengi walipinga, wakihofia malisho yao na ajira zilizotarajiwa katika akiba kubwa ya makaa ya mawe. Wengine waliunga mkono, wakiona riziki yao katika utalii. Rais Donald Trump alipunguza eneo hilo kwa karibu nusu mwaka 2017, na Rais Joe Biden akarudisha mipaka yake mwaka 2021.