OPEC ya Karafuu

Swali hili nimelisikia barazani Wete zaidi ya mara moja, hasa petroli inapopanda bei: ikiwa nchi za mafuta ziliweza kukaa pamoja na kulinda bei yao, kwa nini sisi wa karafuu tulishindwa? Si swali la kijinga. Kwa miongo mingi Unguja na Pemba zilitoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu zilizouzwa duniani, na baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, nyingi zilitoka huku kwetu. Saudi Arabia yenyewe haijawahi kulishika soko la mafuta kiasi hicho. (Mafuta ya Zanzibar, ambayo RAK Gas ilipewa mkataba wa kuyatafuta mwaka 2018, ni habari nyingine.)

OPEC ilizaliwa kwa hasira. Mwaka 1960 makampuni makubwa yalipunguza bei ya mafuta bila kuziuliza nchi zenye visima, na Septemba mwaka huo Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela zikakutana Baghdad. Lakini kugawana viwango vya uzalishaji kulianza 1982, na tangu hapo wanachama wamekuwa wakivizianavizana: huyu anakubali mkutanoni, akirudi kwao anatoa mapipa ya ziada. Aliyebeba mzigo ni Saudi Arabia, mwenye mafuta mengi kuliko anayotumia. Alipochoka kujizuia mwaka 1985, bei ya 1986 ilianguka vibaya.

Bomba la mafuta hufungwa. Mkarafuu haufungwi. Ukizaa, lazima uchume kabla vikonyo havijachanua, uchambue, uanike majamvini, na mvua ikitaka kunyesha utimue mbio. Ila hiyo si sababu kubwa, maana karafuu kavu hukaa ghalani miaka. Sababu kubwa ni Indonesia.

Indonesia ilijiunga na OPEC mwaka 1962. Kwenye mafuta ilikuwa muuzaji, ikitaka bei ipande. Kwenye karafuu ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa ajili ya sigara zake za kretek, na ilitaka zishuke. Mti wenyewe asili yake ni Maluku, huko huko kwao. Wakapanda mikarafuu kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa karibu wanajitosheleza. Bei ikaporomoka. Mzalishaji mkubwa wa mafuta huuza nje. Mzalishaji mkubwa wa karafuu anazivuta mwenyewe. Ungekaa naye mezani kuzungumza nini? Hata ndani ya Indonesia, ukiritimba wa karafuu aliopewa Tommy, mtoto wa Suharto, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulivunjwa 1998 kwa shinikizo la IMF.

Hata hivyo, mimi siamini kwamba hatukuwa na OPEC. Tulikuwa nayo, ila ilimkalia mkulima. Mwaka 1937 utawala wa Kiingereza ulikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu udhibiti wa biashara ya nje; wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India ikasusia karafuu zetu mpaka makubaliano ya 1938. Baada ya Mapinduzi, kazi hiyo ikashikwa na Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC. Miaka ya 1970, bei ya dunia ilipokuwa nzuri, mchumaji na mwenye shamba wa Pemba walipata sehemu ndogo tu. Kilichobaki kilikuwa cha serikali, Unguja.

Ndipo vyombo vikaanza kuvuka usiku kwenda Mombasa. Serikali iliita magendo, na adhabu zake zilikuwa kali. Kwa macho yangu ni jambo lile lile wanalofanya wanachama wa OPEC wakivunja mgao, isipokuwa waziri wa mafuta haendi jela.

Mwaka 2011 serikali ya Dk. Shein ilipandisha bei na kuahidi kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya nje. Kwa miaka kadhaa kilo ya daraja la kwanza ililipwa shilingi 14,000, na watu waliokuwa wameitelekeza mikarafuu wakarudi kuipalilia. Mnunuzi wa kisheria alibaki yule yule mmoja.