Kalamu ya Msikilizaji

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa sana katika mambo ya biashara. Lakini elimu nayo ni mali, na aipokeaye kwa sikio tu huenda akaipoteza kabla ya kufika kwake.

Huko Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, zimo nyumba mbili za maarifa. Ya kwanza ni ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ambao sheria zao za kale hazikuwekwa vitabuni bali vifuani mwa watu. Ya pili ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2013. Humo mhadhiri husema, na wanafunzi huandika.

Usiidharau njia ya wazee, ewe msomaji. Habari za Mbwaa, kisiwa ambacho Wameru husimulia kuwa walitoka wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu, zilipita vizazi vingi bila wino. Zilidumu kwa sababu zilisimuliwa tena na tena. Neno lisilorudiwa halikudumu. Walakini mzee akifa huondoka na aliyoyajua. Ndiyo maana twawashukuru walioketi wakasikiliza, kalamu mkononi: padre Bernardo Bernardi, aliyetoa kitabu juu ya Mugwe wa Wameru mwaka 1959, na H. S. K. Mwaniki, aliyechapisha masimulizi ya Waembu mwaka 1974. Wasimulizi wengi wamekwisha fariki, nasi tungali twawasikia.

Hata katika vyuo vikuu mambo yamekuwa vivyo hivyo. Ferdinand de Saussure alifundisha elimu ya lugha mjini Geneva, katika nchi ya Uswisi, kati ya mwaka 1907 na 1911. Alipofariki mwaka 1913, wenzake walitafuta maandishi ya mihadhara hiyo, wakakuta machache mno. Basi waliyaendea madaftari ya wanafunzi, wakayalinganisha, na mwaka 1916 wakatoa kitabu kilichobadili elimu ya lugha ulimwenguni. Fikiri: kama wanafunzi wale wangalikaa mikono mitupu, sehemu kubwa ya mafundisho yale ingalizikwa pamoja na mwalimu.

Wala usidhani kwamba kusahau ni aibu ya wajinga. Mwaka 1885 mtaalamu Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aliona kwamba yale tuliyojifunza hutoweka upesi zaidi katika saa za mwanzo, kisha polepole. Na kwamba kuyarudia huyaimarisha. Wazee wa Nchiru walilijua jambo hilo kwa matendo.

Nawe siku utakapoingia katika ukumbi wa mihadhara, yafuate mambo haya. Usijaribu kuandika kila neno, kwani ulimi ni mwepesi kuliko kalamu, na mkono ukimbizao maneno huiacha akili nyuma. Sikiliza kwanza, ufahamu, kisha andika kwa maneno yako mwenyewe. Majina, miaka, tarakimu na maana za istilahi, hayo uyaandike kama yalivyotajwa. Acha nafasi pembeni mwa ukurasa, kama alivyofundisha Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Humo utaandika maswali baada ya mhadhara, na chini ya ukurasa muhtasari wa sentensi mbili tatu. Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, funika maelezo, uyajibu maswali yale kwa kichwa. Mahali utakapokwama ndipo penye kazi ya kesho.

Anayefanya hivyo ameziunganisha nyumba zote mbili za Nchiru: daftari limemlindia neno, na kulirudia kumelitia kifuani. Lakini daftari lililojazwa kisha likafungwa hadi siku ya mtihani halimfai mwenyewe. Ni kama ghala lenye nafaka, na mwenye ghala analala njaa.