Nani Amngoje Nani? Mbio za Marathoni na Haki ya Njia

Tarehe 19 Aprili 1897, wanaume 15 walisimama nyuma ya mstari uliochorwa ardhini kwa kisigino, katika mji mdogo wa Ashland, magharibi ya Boston, Marekani. Mwaka mmoja kabla yake, mbio za marathoni zilikuwa zimekimbiwa Athens katika Michezo ya Olimpiki, na Spyridon Louis wa Ugiriki akatoka mshindi. Watu wa Boston walivutiwa na habari hiyo, wakataka mbio zao wenyewe. John J. McDermott, aliyetoka New York, ndiye aliyeingia mjini akiwa mbele ya wenziwe. Katika barabara ya Massachusetts Avenue alikuta maiti anapelekwa kuzikwa. McDermott hakusimama. Alikatiza katikati ya msafara wa wafiwa, na magari mawili ya umeme yakazimika kwa kumpisha. Alifika mwisho kwa muda wa saa 2, dakika 55 na sekunde 10, na jina lake likaandikwa la kwanza katika orodha ya washindi wa Boston.

Msomaji wa mwambao akikisikia kisa hiki, moyo wake huenda kwanza kwa wale waliokuwa nyuma ya jeneza, si kwa mshindi. Katika vichochoro vya miji yetu, jeneza likipita, duka husita kuuza, aliyekaa barazani huinuka, na mwenye baiskeli hushuka. Dini nayo imefundisha kwamba njia ina haki zake: anayekaa kando yake azuie macho yake, arudishe salamu, asimuudhi apitaye. Kwa mujibu wa mafunzo hayo, njia si ukumbi wa mtu mmoja, bali ni amana ya wote wanaoitumia. Kwa hiyo kisa cha mwaka 1897 kinaleta swali ambalo historia nzima ya mbio za mijini imekuwa ikilijibu kwa namna mbalimbali: mkimbiaji na mkaazi wakikutana njiani, nani amngoje nani?

Hapo mwanzo, hapana shaka, mkimbiaji ndiye aliyengoja. Mwaka 1907, katika mbio hizo hizo za Boston, gari la moshi la mizigo lilikatiza njia pale Framingham. Tom Longboat, kijana wa kabila la Onondaga kutoka Canada, pamoja na wachache waliokuwa mbele, waliwahi kuvuka reli. Waliobaki walisimama na kuhesabu mabehewa, huku ushindi ukiwapita machoni. Hakuna aliyefikiri kulisimamisha gari la moshi kwa ajili yao. Biashara ya mji ilikuwa na njia yake, na michezo ilipita katika nafasi iliyosazwa.

Hali ilikuwa hivyo hivyo New York miaka mingi baadaye. Mbio za kwanza za marathoni zinazojulikana leo kwa jina la mji huo zilifanyika tarehe 13 Septemba 1970. Waliojiandikisha walikuwa 127, ada ilikuwa dola moja, na waliomaliza walikuwa 55 tu. Walizunguka ndani ya bustani kubwa ya Central Park, mzunguko baada ya mzunguko, wakikwepana na waendesha baiskeli na watu waliotoka kupunga upepo. Si duka lililofungwa wala gari lililozuiwa mtaani kwa ajili yao. Mwaka 1972, mbio hizo zilishuhudia kungoja kwa aina nyengine. Sheria za chama cha riadha cha Marekani ziliwataka wanawake waanze dakika kumi kabla ya wanaume, kana kwamba mbio zao ni jambo la pembeni. Bunduki ya kuanzia ilipolia, wanawake sita waliketi chini kwenye mstari, wakangoja dakika kumi zote, ndipo wakainuka kukimbia pamoja na wanaume. Walizongojea ziliongezwa katika muda wao, lakini hoja yao ilikuwa imeshafika.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1976. Mji wa New York ulikuwa umenusurika kufilisika mwaka uliotangulia. Hazina ilikuwa tupu, watumishi wamepunguzwa, na sifa ya mji imechakaa. Marekani ilikuwa inaadhimisha miaka 200 ya uhuru wake. George Spitz, mkaguzi wa hesabu za serikali aliyekuwa pia mkimbiaji, alipendekeza mbio zitoke bustanini na zipite katika wilaya zote tano za mji: Staten Island, Brooklyn, Queens, Bronx na Manhattan. Fred Lebow, mzaliwa wa Romania aliyekuwa akiongoza mbio hizo, hakulipokea wazo hilo kwa moyo mkunjufu mwanzoni. Percy Sutton, kiongozi wa wilaya ya Manhattan, ndiye aliyelibeba mbele ya wakuu wa mji, na fedha zikapatikana kwa wafadhili.

Tarehe 24 Oktoba 1976, watu zaidi ya 2,000 walianza mbio kwenye daraja la Verrazzano. Bill Rodgers alishinda kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 10. Aliporudi pale alipoegesha gari lake, hakulikuta. Lilikuwa limekokotwa na watumishi wa mji kwa kosa la kuegeshwa pasiporuhusiwa. Kisa hicho huchekesha, lakini ndani yake mna ukweli. Mji ulikuwa umefungua mikono kwa wakimbiaji, ilhali sheria zake za barabarani zilikuwa bado hazijawajua.

Tangu hapo mizani ikageuka. London ilifuata mkondo huo mwaka 1981, na miji mingine mingi ikaiga. Wakimbiaji wa Afrika ya Mashariki waliifanya mitaa hiyo kuwa uwanja wao: Ibrahim Hussein wa Kenya alishinda New York mwaka 1987, na Juma Ikangaa wa Tanzania akashinda mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao haukuwa umewahi kufikiwa katika njia ile. Mwaka 1994 Tegla Loroupe akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda huko. Katika miaka ya karibuni, wanaomaliza mbio za New York wamepindukia 50,000. Kwa idadi hiyo, mji hauna budi kungoja.

Wanaotetea kufungwa kwa barabara huitumia hoja ambayo Waswahili waliifupisha zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hujaza hoteli, hula mikahawani, na fedha huzunguka. Hoja hiyo ina nguvu, lakini methali imeweka sharti ndani yake: mwenyeji apone. Haikusema mwenye hoteli apone. Mwenyeji wa mbio za New York ni pamoja na muuguzi anayetakiwa kuwahi zamu ya asubuhi, mzee anayengojewa kliniki, na muumini anayetaka kuvuka kwenda kanisani siku ya Jumapili. Katika mtaa wa Williamsburg, Brooklyn, wanaishi Mayahudi wa madhehebu ya Hasidi, ambao siku yao ya mapumziko ni Jumamosi. Jumapili kwao ni siku ya kazi, na mto wa wakimbiaji hupita katikati ya shughuli zao. Wakimbiaji wengi wamesimulia kwamba kelele za kushangilia hupungua hapo. Wakaazi hutazama kidogo, hutafuta mwanya, na huvuka.

Staten Island ina kisa chake, nacho kitaeleweka haraka na watu wa visiwani. Barabara pekee inayokiunganisha kisiwa hicho moja kwa moja na wilaya nyengine za mji ni lile daraja la Verrazzano, na daraja hilo halina njia ya waendao kwa miguu. Siku ya mbio hufungwa kwa muda. Mbio huanzia kisiwani, lakini baada ya mstari wa kuanzia zinapanda daraja na kuondoka. Kisiwa hutoa mlango na kubaki na makapi: nguo zilizovuliwa na chupa tupu. Sherehe iko ng'ambo. Gharama ya daraja nayo imezua mvutano. Mwaka 2024 mamlaka ya usafiri ya New York ilidai walipwe takriban dola 750,000 kwa ushuru wa magari unaokosekana siku hiyo, na Gavana Kathy Hochul akataka dai hilo liachwe.

Swali la nani amngoje nani lilifika kilele chake mwaka 2012. Usiku wa tarehe 29 Oktoba, kimbunga Sandy kiliupiga mji wa New York. Watu zaidi ya 40 walifariki mjini humo, na zaidi ya 20 kati yao walikuwa wa Staten Island. Nyumba zilizama, umeme ukakatika, na watu wakalala kwenye makimbilio. Mbio zilikuwa zimepangwa tarehe 4 Novemba. Meya Michael Bloomberg alisema zitaendelea, akiamini kuwa zitauinua moyo wa mji na kuusaidia uchumi wake. Lakini watu waliona jenereta zimewekwa Central Park kwa ajili ya mbio, ilhali mitaa mizima imo gizani. Waliona polisi watatakiwa kulinda njia za wakimbiaji, ilhali waliopotea hawajapatikana wote. Pale pale kisiwani, palipopangwa mstari wa kuanzia, wafiwa walikuwa wanazika. Ni kama kwamba msafara wa mazishi wa mwaka 1897 ulitokea tena, safari hii ukiwa mkubwa zaidi, na mkimbiaji akaombwa asimame.

Akasimama. Tarehe 2 Novemba mbio zilifutwa. Siku mbili baadaye, asubuhi ile ambayo wangekimbia, zaidi ya wakimbiaji elfu moja walipanda feri kwenda Staten Island. Walibeba mikoba mgongoni yenye mablanketi, betri, vyakula na vifaa vya usafi, wakakimbia nayo hadi kwenye mitaa iliyobomoka, na wengine wakabaki kusafisha nyumba za watu. Kwa mara moja, mbio ziliishia kisiwani badala ya kuanzia.

Katika miji ya mwambao, mtaa hufungwa pia. Hutandikwa mikeka kwa maulidi, huwekwa turubai la harusi, na mwenye gari hutafuta njia nyengine bila ya kinyongo. Hafanyi hivyo kwa sababu ya subira peke yake. Anajua kwamba kesho turubai hilo litafungwa mlangoni pake, na mwenziwe atazunguka kwa ajili yake. Kufunga njia kunakubalika pale panapokuwa na kupokezana. Mji mkubwa wenye mamilioni ya watu hauwezi kumpa kila mkaazi zamu yake, lakini unaweza kumwarifu mapema, kumwachia pahali pa kuvukia, kuipisha gari ya wagonjwa, na kumuuliza kabla ya kuichora njia. Hayo si mapambo ya maandalizi, bali ni malipo ya deni.

Neno barabara katika Kiswahili ni njia pana, na pia ni namna ya kusema kwamba jambo limefanywa sawasawa. Katika mbio za New York, baada ya saa kadhaa, magari hupita nyuma ya wakimbiaji wa mwisho kuirudisha mitaa kwa wenyewe. Asiyeweza kwenda kasi hiyo haondoshwi njiani kwa nguvu. Hupanda pembeni, kwenye njia ya waendao kwa miguu, na kuendelea. Hapo hukutana na mama aliyebeba vikapu na mtoto anayesukuma baiskeli, na kila mmoja humpisha mwenziwe.