Karakana ya Moshi na Wanafunzi Wake

Kipande cha polipropilini kinachoingia tanurini ni cheupe na kigumu. Kikishaiva huwa angavu, na hapo mwanafunzi ana muda mfupi tu wa kukitoa, kukitandaza juu ya mfano wa plasta na kufungua pampu ya kunyonya hewa. Akisitasita, plastiki inapoa na kufanya mikunjo, na kazi inabidi ianze upya.

Tanzania imekuwa ikifundisha kazi hii ya kutengeneza viungo bandia kwa zaidi ya miongo minne. Mwaka 1981, mwaka uleule ambao Umoja wa Mataifa uliuweka maalumu kwa ajili ya watu wenye ulemavu, serikali ikisaidiwa na Ujerumani Magharibi ilianzisha chuo cha wataalamu wa viungo bandia kinachojulikana kwa kifupi chake, TATCOT. Kilijengwa Moshi, kwenye eneo la KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Uamuzi wa kukiweka hapo ulikuwa na maana kubwa kuliko majengo yenyewe. Mwanafunzi akitoka darasani huvuka ua tu, akakutana na mgonjwa aliyekatwa mguu, daktari aliyemkata, na mtaalamu wa fiziotherapia anayemfundisha kusimama tena. Baada ya muda wakaanza kuja wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, maana kwao vyuo vya namna hiyo havikuwapo.

Mizizi ya fani hii Afrika Mashariki ni ya zamani kuliko chuo hicho. Miaka ya 1960, Ronald Huckstep, daktari bingwa wa mifupa aliyekuwa Makerere na Hospitali ya Mulago, Kampala, alizungukwa na watoto waliopooza kwa polio. Vyuma vya miguu kutoka Ulaya vilikuwa ghali, na vikivunjika kijijini hakuna wa kuvitengeneza. Huckstep akatengeneza vyuma vyepesi kutumia, vilivyoweza kuungwa na fundi wa kawaida na kuvaliwa pamoja na viatu vya mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kampala hiyohiyo, mtaalamu wa Kiholanzi Michiel Steenbeek alibuni katika kituo cha Katalemwa kifaa cha kuvaliwa na watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Kilishonwa kwa ngozi na kuunganishwa kwa chuma cha kawaida, vitu vinavyopatikana madukani. Mtoto hukivaa karibu saa zote za siku kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku tu kwa miaka kadhaa. Kifaa hicho sasa kinatumika mbali sana na Uganda. Wote wawili walianza na mgonjwa aliyekuwa mbele yao na vifaa vilivyokuwa karibu, na hilo ndilo jambo ambalo mazoezi kwa vitendo yanapaswa kumwachia mwanafunzi.

Utengenezaji wa mguu bandia wa chini ya goti unaonyesha kwa nini. Soketi (sehemu ya mguu bandia inayoshika kigutu) inayofundishwa sana ina asili yake katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanafunzi hufunga kigutu kwa bendeji za plasta, akibonyeza kwa vidole gumba sehemu iliyo chini kidogo ya pia ya goti, mahali panapovumilia uzito. Ukungu huo hujazwa plasta ili kupata mfano wa kigutu. Kisha huja patasi na tupa. Panapoweza kubeba mzigo, plasta hupunguzwa. Penye mfupa ulio karibu na ngozi, huongezwa ili soketi isiubane. Milimita chache tu zinatosha kutofautisha mguu unaovaliwa kutwa na mguu unaotupwa uvunguni mwa kitanda.

Vitabu vinayaeleza hayo vizuri. Kisichoelezeka kitabuni ni mgonjwa yule anaporudi wiki mbili baadaye. Anakaa kwenye benchi, anavua soksi, na pale kwenye ukingo wa mfupa wa muundi kuna wekundu usiofutika. Mwanafunzi aliyeichonga soketi ile, akiitwa na msimamizi wake aje aangalie, hujifunza mengi zaidi kwa dakika tano kuliko kwa muhula mzima. Kwa bahati mbaya, ratiba nyingi za mazoezi humhamisha mwanafunzi kabla mgonjwa hajarudi. Viwango vya ISPO, chama cha kimataifa cha fani hii kilichoundwa Copenhagen mwaka 1970, vinataka wanafunzi wawahudumie wagonjwa halisi chini ya usimamizi. Lakini mwanafunzi mwenye bidii hapaswi kungoja kiwango kimwambie. Huandika namba ya faili, huuliza tarehe ya kliniki ijayo, na siku hiyo huomba ruhusa aje, hata kama amepangiwa wodi nyingine.

Wagonjwa nao wamebadilika. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio ya asili. Benchi la karakana sasa linakaliwa zaidi na waliogongwa wakiwa juu ya bodaboda, na wazee ambao kisukari kimewafikisha kukatwa mguu. Kigutu cha mzee wa kisukari hakihisi vizuri, soketi inaweza kumchubua naye asijue, hivyo mwanafunzi anayetegemea tu kuuliza “inauma wapi?” atakosea. Lazima aangalie kwa macho na kugusa kwa mkono.

Waliopooza utotoni bado wapo, sasa wakiwa watu wazima wenye wajukuu, na vyuma vyao huchakaa. Wengi wamevivaa kwa miongo mingi, na wanajua kwa uzoefu wao ni kiungo gani cha goti hulegea kwanza na ngozi ipi huoza kwa jasho. Mwanafunzi wa leo anaweza kumaliza masomo bila kuona mtoto mmoja mwenye polio mpya, kwa hiyo akipangiwa kumrekebishia mmoja wa wazee hawa chuma chake, inafaa akae naye hadi kazi iishe na kumwuliza yote.