Stavudini: Dawa Iliyookoa na Kuumiza

Hata huku kwetu Kabambare watu huuliza: dawa moja yawezaje kuponya na kuumiza pia? Habari za stavudini zatupa jibu.

Dawa hiyo ilitengenezwa na mtaalamu Jerome Horwitz, huko Detroit, Marekani, katika miaka ya 1960. Alikuwa akitafuta dawa ya kansa, asifanikiwe. Baadaye UKIMWI ukazuka, ikaonekana kwamba stavudini yazuia virusi vyake. Marekani ikaikubali mwaka 1994. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Uhindi ikaitoa pamoja na dawa nyingine mbili katika kidonge kimoja, kwa bei isiyofika dola moja kwa siku. Tanzania, Kenya na Uganda zikaitumia. Wengi waliokuwa wakingoja kufa wakainuka, wakarudi mashambani.

Lakini baada ya miezi au miaka, wengine wakaona nyayo zawaka moto na mashavu yamebonyea, hata majirani wakawanyoshea kidole.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndani ya chembe za mwili mna meko madogo, ndiyo mitokondria, yageuzayo chakula kuwa nguvu. Meko hayo yana DNA yao wenyewe, yenye jeni 37. 13 kati yake ni maagizo ya kutengeneza protini za kutolea nguvu. DNA hiyo huungwa kwa nukleotidi, kama fundi aungavyo pete za mnyororo. Nukleotidi zikipungua, nakala za DNA hupungua. Protini nazo hupungua, na jiko hupoa. Mishipa ya fahamu huumia zaidi, kwa kuwa chembe zake hazigawanyiki, nazo hutengeneza nukleotidi chache.

Basi stavudini hufanana na nukleotidi, ila ni pete isiyo na kulabu ya pili. Ikiungwa, mnyororo hukoma hapo. Ndivyo ilivyozuia virusi. Ndivyo pia ilivyopunguza DNA ya mitokondria.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziiache, na dawa zisizodhuru hivyo, kama tenofoviri, zikashika nafasi yake.

Tusiwalaumu walioitoa: pasipo hiyo, wengi wasingaliishi hata kuona iliyo bora. Wala tusiwacheke waliolalamikia miguu yao: walisema kweli. Naye aumizwaye na dawa leo asiitupe kimya kimya, bali amwambie mganga. Mficha maradhi, kifo humwumbua.